Lenzi Pana ya Baba

Juzi mjukuu wangu aliikinga simu yake kwa kiganja ili jua lisiharibu picha, nami nikasikia tena harufu ya kitambaa cheusi cha kamera ya baba: jasho na mafuta ya taa.

Nilikuwa mtoto; waasi walikuwa wanakaribia Uvira, na kesho yake kaka yangu angepanda boti bandarini Kalundu avuke ziwa. Baba alibakiwa na filamu moja na lenzi pana ya zamani ambayo hakuiamini bado. Alimsimamisha kaka, akaweka katoni ya sabuni pembeni kabisa mwa picha ili aipime lenzi, akachungulia. Herufi zake zilisomeka vizuri. Kisha akaniingiza chini ya kitambaa.

"Baba, minye naona malaika karibu na kaka!"

"Ile iko jua tu, mama. Inacheza mu vioo. Kinga na mukono."

"Weye, usifukuze malaika yangu!" kaka alicheka.

Nilikinga kwa huzuni, na vile viduara vya mwanga vikatoweka; baba akapiga picha. Sikujua kwamba lenzi pana huona hata mkono unaoikinga.

Picha ilipomfikia ng'ambo, kaka alituandikia: "Malaika moja alibakia pa kichwa yangu. Iko na vidole tatu."