Miti ya Kitanda cha Bibi

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu, upande wa Magu, kumzika mwalimu aliyekuwa jirani yetu. Nikiwa njiani, gari la hospitali likanipita, jeupe, likipiga king'ora. Wenzangu walisogea pembeni. Mimi nilisimama nikachungulia vioo vya nyuma nione limebeba nini. Mtu mzima mwenye wajukuu, bado nachungulia. Ngoja nikueleze kwa nini, maana hasira hii nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, gari la wagonjwa kwetu lilikuwa kitanda cha bibi. Kilikuwa kitanda chepesi cha kamba, hakuna aliyekilalia. Kiliegemezwa ukutani, na juu kwenye kenchi za paa kulikuwa na miti miwili mirefu ya kukibebea, imelainika kwa mabega ya watu. Mtu akizidiwa, yowe linapigwa, na kila mwanamume aliyelisikia anaacha jembe palepale. Wanne wanabeba, wengine wanafuata mbio wakisubiri zamu, wakikata njia ya mashambani katikati ya pamba na mihogo mpaka hospitalini. Sisi watoto tulibaki tukimenya karanga, na wabebaji wakirudi wanakuta michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, imeiva na maziwa mgando yako kwenye kibuyu. Hata leo nikisikia harufu ya michembe inayochemka nasikia na vishindo vya miguu yao. Bibi hakuuliza mgonjwa ni wa nani wala ana ugomvi na nani. Alisema tu, "Kwanza afike."

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Ushirika wa pamba ukafa, ghala lake la barabarani likatiwa kufuli, mitumba ikajaa gulioni, na Mwanza mjini viwanda vya samaki vikawa havishibi sangara. Katikati ya hayo hospitali yetu ndogo ikapewa gari. Tulifurahi, tusidanganyane. Mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema kubebana vitandani ni mambo ya kizamani, sasa basi. Miti ya bibi ikateremshwa, ikachimbiwa barabarani, ikafungwa majani ya migomba, ikawa lango la kumpokea mgeni rasmi. Jioni ikapasuliwa kuni, ikapikia pilau ya wageni. Bibi alipiga vigelegele. Nami nilicheza mpaka nguo ikachanika.

Haukupita mwaka, mama mdogo akajifungua nyumbani. Mama mdogo ndiye aliyenisuka nywele na kunifichia ukoko wa ugali. Mtoto alitoka salama asubuhi, lakini damu ikakataa kukatika. Mwalimu alipanda baiskeli kwenda hospitalini, akarudi shati limelowa jasho.

"Mama, muuguzi anasema gari limetoka kidogo," alimwambia bibi. "Litapita barabarani. Tumsogeze pale tulisubiri."

Wakambeba juu ya godoro mpaka barazani kwa ghala la ushirika. Ilikuwa saa tatu tu ya asubuhi. Tulikaa kidogo, bibi akasema, "Wanangu, tumbebe twende."

"Tukikata njia ya mashambani tutapishana na gari, mama," wakamjibu. "Na miti yenyewe iko wapi?"

Basi tukasubiri. Wanaume wazima zaidi ya kumi, mabega yao haya hapa, wamekaa wanaangalia vumbi la barabara. Mama mdogo aliomba maji. Akauliza kama mtoto amenyonya. Bibi akamwambia amenyonya, na ilikuwa uongo. Baadaye hakuuliza tena kitu, na bibi akavua khanga yake akamfunika uso.

Gari lilifika saa nane mchana, linatokea mwaloni kwenye mitumbwi ya wavuvi. Maji ya samaki yalikuwa yanachuruzika mlangoni, na juu ya machela, pale pa kulaza mgonjwa, wamelala sangara. Dereva akateremka, akaona khanga.

"Poleni," akasema. "Mpakieni tu, samaki nitawasogeza."

"Nenda na samaki wako," bibi akasema. "Mwanangu hapandi humo."

Hapo ndipo vijana waliponyanyuka bila kuambiwa. Walizunguka nyuma ya ghala na mapanga, wakakata mikaratusi miwili. Mwingine alikimbia nyumbani kuleta kitanda. Wanne wakabeba, wengine wakafuata kwa zamu, na hakuna aliyekumbuka kwamba ni mambo ya kizamani. Tulifika kwetu upesi mno.

Siku hizi yowe halipigwi. Watu wanapiga simu, halafu wanakaa. Yule dereva nimemlaani sana, na muuguzi na neno lake "kidogo", na mwenyekiti na lango lake. Sijawasamehe na sina mpango. Lakini siku ile ya kumzika mwalimu, tulipotoka makaburini, nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilitembea kutoka ghala lile mpaka kwetu, nikarudi, kisha nikatembea kutoka ghala mpaka hospitalini. Ni mwendo uleule. Na mikaratusi, siku ile ya mama mdogo, ilikuwa palepale nyuma yetu, tangu asubuhi.