Siku Tuliyowaaga Watu wa Mwakitolyo

Siku yangu ya kwanza kazini niliwakuta mafundi bado wanapachika kibao mlangoni. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Shinyanga mjini, na rangi ya ukutani ilinuka hadi tukafungua madirisha yote. Nilikuwa mtu mzima tayari. Nilikuwa nimekaa miaka mingi mapokezi katika zahanati, sasa nimeajiriwa kwa cheo ambacho wanangu walikicheka: Msimamizi wa Uingiaji Sokoni, Kanda ya Ziwa. Kuingia sokoni, kwa lugha ya wale waajiri wangu, ni kampuni iliyozoea nchi moja kwenda kutafuta wateja katika nchi ambako hakuna anayeijua.

Kampuni ilitoka ng'ambo. Huduma yake ilikuwa ushauri wa afya kwa simu: unabonyeza nyota, namba na reli, unachagua tatizo lako, kisha muuguzi anakupigia. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kilitosha. Juu yangu alikuwepo Meneja wa Nchi, kijana mpole aliyekaa Dar es Salaam, na juu yake Mkurugenzi wa Upanuzi, ambaye hakuwahi kukanyaga Shinyanga. Tulimwona kwenye kompyuta tu, Meneja akitufasiria.

Walinipeleka kwanza Samuye kwa majaribio, yaani kuipeleka huduma kwa watu wachache ili ionekane kama itashika. Haikushika. Mfugaji mmoja, Mzee Masanja, alinisikiliza mpaka mwisho, akasafisha koo, akaniita mama kwa lugha yao.

"Mayu, huyo atakayepiga anasema Kisukuma?"

"Anasema Kiswahili, baba."

"Kiswahili cha kuuzia ng'ombe ninacho. Cha kueleza maumivu ya mke wangu sina."

Nililipeleka neno hilo kwenye kikao. Mkurugenzi alishangaa. "Kwetu tuliandikisha mji mzima bila kumtembelea mtu," alisema. "Kwa nini huko kuwe tofauti?"

"Mwambie huku watu wanaumwa kwa Kisukuma," nikamjibu Meneja. Akacheka kidogo, akafasiri.

Tulibishana hadi nikachoka kusikia sauti yangu mwenyewe. Mwishowe walikubali tumwajiri Minza, muuguzi mzaliwa wa hukohuko Samuye. Wao waliliita jambo hilo ujanibishaji, kuifanya huduma ya kigeni iongee kama mtu wa mahali. Sauti ya Minza ikaanza kusikika kwenye simu, na watu wakaanza kupiga.

Baada ya hapo nikahamishiwa upande wa machimbo, Mwakitolyo. Enyi mnaoanza kazi hizi mkiwa ofisini, jueni kwamba soko jipya huingiwa kwa mgongo. Mgongo wangu uliharibikia kwenye njia ile, juu ya pikipiki, vumbi hadi kwenye meno. Wachimbaji wakiwa ndani ya duara, lile shimo lao, simu haishiki, kwa hiyo tuliwasubiri watoke. Wanawake walikuwa juu, wakiponda mawe na kuchenjua dhahabu kwa zebaki.

Mmoja wao aliitwa Nyanzobe. Mikono yake ilitetemeka, naye aliificha ndani ya kitenge ili mwenye mawe asimfukuze. Zahanati hakwenda, akiogopa kuonekana kwenye foleni. Lakini siku moja alimpigia Minza, akamweleza yote: kwamba zebaki anaichomea jikoni anakopikia, na kwamba mimba mbili zimemtoka. Baadaye aliniambia, "Simu haina macho. Ndiyo maana niliweza."

Minza alimweleza kwamba moshi ule ni sumu, akambembeleza wiki baada ya wiki. Zebaki ikatoka jikoni, na mwenyewe akakubali kwenda hospitali ya mkoa. Kwa ajili ya siku kama hizo nilivumilia ile njia.

Tulikuwa tumefika Buseresere, tunazungumza na wenye maduka watusaidie kuandikisha watu, Meneja aliponipigia. Nilijua kwa namna alivyorefusha salamu.

"Mama, makao makuu wameamua kutoka. Soko halikukua kwa kasi waliyoitaka. Huduma inazimwa mwisho wa mwezi."

"Watu wataambiwaje?"

"Watatumiwa ujumbe mfupi."

"Nani atamsomea Mzee Masanja ujumbe huo?"

Akasema taratibu, "Mama, mkataba wako unaisha siku hiyohiyo. Hakuna anayekudai safari nyingine."

Hakuna aliyenidai, kweli. Lakini mimi ndiye niliyeingia kwenye nyumba za watu, wakanipa kigoda. Nilimchukua Minza tukaenda.

Samuye ilikuwa nyepesi. Mzee Masanja alisema, "Wabeja kwa kuja kusema. Wengi huondoka bila kusema." Mkewe akatufungia karanga.

Mwakitolyo haikuwa hivyo. Nyanzobe alisikiliza, akaweka nyundo chini, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Yale niliyoyasema kwenye simu yako wapi?"

Mimi nilijua mazungumzo yote yalirekodiwa. Tulikuwa tukiwaambia watu hivyo wanapojiandikisha, lakini sikuwahi kuulizwa yanakaa wapi.

"Nitauliza," nikasema.

"Uulize? Nimeyatoa mwangu, sasa yamebaki kwa watu nisiowajua, nao wameondoka!" Wenzake waliacha kuponda. Alichukua nyundo yake, akatugeuzia mgongo.

Kwenye kikao cha mwisho nilimuuliza Mkurugenzi. Akajibu kwamba kumbukumbu ni mali ya kampuni. Nikasema sitasaini makabidhiano ya ofisi hadi sauti za wale wanawake zifutwe. Siku ziliisha, pango la ofisi likaisha, nikakaa na funguo. Mwishowe Meneja alisafiri mwenyewe hadi Shinyanga, akanishika mkono. "Mama, zimefutwa. Nilikuwepo zikifutwa." Nilimwamini kwa sababu sikuwa na njia nyingine, nikasaini. Nilirudi Mwakitolyo kumpelekea Nyanzobe jibu. Aliitikia kwa kichwa tu. Hakunikaribisha kukaa.

Sasa nimestaafu. Nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Minza yuko zahanati, anafanya kazi yake ana kwa ana.

Hivi majuzi binti mmoja alikuja nyumbani, nadhifu, akanipigia magoti kwa shikamoo. Kampuni yake nayo inatoka nje, inataka kuingia huku na huduma nyingine ya simu. Alitaka nimweleze watu wa machimbo wakoje na niwashike mkono yeye na wenzake wapite.

"Kwanza niambie," nikamwambia. "Mkiondoka, nani atakwenda kuwaaga? Na siri zao zitabaki kwa nani?"

Akatabasamu. "Mama, sisi hatujaja kuondoka."

"Hata wale hawakuja kuondoka, mwanangu. Kaulize kwenu, kisha urudi."

Bado hajarudi.