Vidonge Nilivyovigawa Bandani

Mwaka 1975, nikiwa na miaka arobaini na moja, moyo wangu ulianza ukorofi. Kabla ya hapo mie nilikuwa chuma. Nilitoka Newala na darasa la pili na tezo moja, nikachonga mpingo Kinondoni mpaka nikasimamisha chumba changu. Hakuna aliyenishika mkono.

Kwanza kifua kilipapatika kama kuku aliyefungwa miguu. Nikiinua gogo, pumzi inakata, jasho la baridi linanitoka. Nikaendelea kuchonga. Mwanamume mzima ulalamikie moyo? Siku nilipoangukia vinyago, mke wangu Somoe akanipeleka hospitali.

Wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora karatasi. Daktari akasema, "Ndugu, moyo una vyumba viwili juu, viwili chini. Amri ya kupiga huanzia chumba cha juu cha kulia, ikavuka kwenda cha kushoto. Kwako inachelewa kuvuka. Sasa vyumba vya juu vimeanza kutetemeka ovyo. Damu ikituama humo itaganda. Bonge likipanda kichwani, unapooza."

Nikamwonyesha mkono wa kulia. "Hata huu?"

"Hata huo. Meza vidonge hivi kila siku, usikose."

Sasa sikilizeni ujinga. Bandani tulikuwa wachongaji tisa wa ushirika. Sinia moja la ugali, tumbaku moja, hata msasa tulikatiana. Mwenyekiti wetu, Chilumba, akaliona kopo langu la vidonge.

"Vya nini hivi?"

"Vya moyo."

"Hata mie moyo hunienda mbio nikipanda kilima. Lete."

"Nimeandikiwa mie."

"Ala! Dagaa tunagawana, dawa unaficha? Jamani, kumbe tunafuga bepari humu!"

Wakaangua kicheko. Mie nisiyeogopa mtu nikaogopa kuitwa bepari. Nikagawa. Vidonge vya mwezi vikaisha kabla ya wiki kwisha.

"Baba Zainabu," Somoe akaniuliza, "na moyo wenyewe umewagawia?"

Nikamfokea.

Wiki mbili baadaye tezo ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, vidole havikunjiki. Mdomo ukaenda upande, udenda ukanichuruzika. Nilitaka kumwita Chilumba, ikatoka sauti ya bubu. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani, akilia kama mtoto.

"Vidonge viko wapi?" daktari akauliza.

"Vimo matumboni mwa watu," Somoe akamjibu.

Mwaka mzima alinikanda mkono kwa maji ya moto, akikunjua kidole kimoja kimoja. Alinilisha, alinishika nikienda haja. Mie huyo, chuma! Kinyago cha kwanza baada ya hapo kilikuwa kibaya, tukakipikia maharage. Cha pili kilikuwa na uso.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Somoe, asiyenikumbusha kosa langu ila kila siku. Nyie mnaosoma, moyo ukipapatika nendeni mkapimwe. Ugali gawaneni. Dawa ya mtu ni ya mtu, na anayekucheka hatakuja kukufulia shuka.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Kibamba, ya bati. Mikorosho sita. Tezo tatu, patasi kumi na moja. Mke yuleyule. Mkono wa kulia, kasoro kidole cha mwisho. Na kopo la vidonge juu ya kabati. Chilumba akija kunisalimia, nalifungia ndani ya kabati.