Jembe la Mahari

Kwetu Uheheni mimi niliolewa kwa jembe. Ng'ombe na pesa ni mazungumzo tu, jembe ndilo ndoa. Ukitaka kuachana, linarudishwa mkononi kwa ndugu za mume, basi, kila mtu na njia yake.

Wangu hakuwa na ndugu huku. Alikuwa mpigania uhuru kutoka Namibia, enzi hizo nchi yao imekaliwa na jeshi la Makaburu. Lori lao liliharibika Nyololo, nilikokuwa nauza chai. Aliponiposa, wenzake wawili wakasimama kama wajomba zake. Baba akanung'unika, "Huyu akiondoka, nitamuuliza nani?" Nikamwambia baba aache maneno. Kiburi cha ujana hicho!

Tukahamia Kihesa. Redio ilipotangaza uhuru wao, nilicheza kuliko yeye mwenyewe, nikawanunulia majirani pombe ya ulanzi. Akasema anatangulia na wenzake, atanitumia nauli. Nikamfungia chapati za njiani.

Nauli ndiyo hiyo naingoja hadi leo. Wanaume walikuja, tena wa maana. Fundi cherehani mmoja wa Mlandege alikuwa akinichekesha mpaka machozi. Kaka zangu wakakataa: una jembe la mtu ukutani. Sasa nilirudishe kwa nani? Wenzangu wamekombolewa, mimi nimebaki koloni. Kanisani naenda peke yangu, narudi peke yangu. Upweke unauma jamani, asikudanganye mtu.

Mwaka huu akaja mmoja wa wale wajomba, mzee wa mkongojo, pamoja na wageni waliokuja kuzuru makaburi ya wenzao waliofia huku. Aliulizia nyumba yangu mpaka akafika.

"Kamwene, mama," akaniamkia. Kumbe Kihehe hakukisahau.

Nikamuuliza habari za mume wangu. Akatazama chini. Yupo, ana mke, ana wajukuu. Aliogopa kuniambia.

"Aliogopa! Jeshi zima hakuliogopa, aniogope mimi muuza chai?"

Nikapanda kwenye kiti, nikalishusha jembe na utando wake wa buibui. Nikampa kwa mikono miwili. "Mjomba, jembe lenu hili." Mzee wa watu akapiga goti, akalipokea huku analia.

Gari lao likaondoka. Nikabaki nimesimama uani, saa nane mchana, mwanamke huru, kichwa cheupe chote kwa mvi, na yule fundi wa Mlandege tulishamzika.