Nilimwambia Wifi Barabara Yote ni Mteremko

Mwenye makosa ni mimi, na sitaki mtu anitetee. Nikimaliza kusimulia nisuteni mtakavyo. Ila nisikilizeni kwanza, maana jambo hili limenikwama kooni kama mwiba wa samaki changu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza vitenge vya jumla hapa Kariakoo. Mume wangu ana dada mmoja tu duniani, na huyo ndiye niliyemkosea. Jina lake namhifadhia. Mimi namwita wifi, na yeye ananiita wifi.

Wifi anakaanga samaki pale Feri. Ni mnene, hamsini anaigonga, lakini anakimbia huyo, jamani! Jioni akifunga kazi anajifunga kanga kiunoni juu ya suruali ya michezo, anaikata Kivukoni yote na kurudi, hata hahemi.

Mimi presha ilinipeleka kwenye klabu ya kukimbia ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Nikaona nimwingize na yeye. Loo, nilijichongea!

Kwenye bonanza moja alinipita kama nimesimama. Nilipofika mwisho, ulimi nje, akawageukia watu wote: "Mnamwona mke wa kaka yangu? Anakimbia kama mtu anayetafuta choo!"

Watu walishika mbavu. Hata mume wangu! Nami nikacheka, lakini moyoni nikaapa: wifi, utanitambua.

Haukupita muda mwenyekiti wetu, Mchaga mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatangaza safari. Tunaenda Lushoto kukimbia mbio za barabara ya mlimani, kilomita ishirini na moja. Nusu ya kwanza unapanda, kona juu ya kona. Ukifika juu unageuza, unashuka njia ileile.

"Milima ya kule si mchezo," alituonya. "Mimi nimekulia mlimani, najua ninachosema. Kila mtu atafute mahali pa kupanda, ajizoeze."

Kupanga safari wakanipa mimi. Nitafute basi, nitafute nyumba ya wageni, niwapelekee watu taarifa kwenye grupu la simu. Sasa wifi ana kiswaswadu, kile kisimu cha kubonyeza, grupu haingii. Na asubuhi klabu ikikutana, yeye yuko Feri kwenye mnada wa samaki. Habari zote za safari alizipata kinywani mwangu.

Shetani akanikonyeza hapo.

"Wifi, huko mlimani si tutakufa?" aliniuliza.

"Kufa kwa lipi? Basi linatupandisha mpaka juu kabisa, halafu tunakimbia kushuka. Barabara yote ni mteremko, wifi yangu! Wewe endelea na Kivukoni yako."

"Alhamdulillahi," akasema. Akanifungia na samaki wawili wa kupeleka nyumbani. Niliwapokea! Niliwala!

Mimi mwenyewe nikaanza mazoezi ya siri. Mjini hapa mlima utautoa wapi? Nikatumia ngazi za jengo letu, ghorofa saba. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka napanda mbio mpaka juu, nashuka kwa lifti, napanda tena. Mara nane, mara tisa. Mlinzi wa jengo akanihurumia.

"Mama, umepoteza nini huko juu? Si uniambie nikusaidie kutafuta?"

Siku ikafika, tukaenda. Asubuhi ya mbio tukashushwa bondeni. Wifi akauangalia mlima ulivyosimama mbele yetu, akaniangalia mimi.

"Wifi, si ulisema basi linatupandisha?"

"Wamebadilisha," nikasema bila aibu. "Tunapanda kidogo tu, halafu mteremko unaanza."

Tukaanza. Kona ya kwanza, wifi anauliza, "Mteremko uko wapi?" Namjibu, "Kona inayofuata." Kona ya pili, "Uko wapi, wifi?" Namjibu, "Hiyo hapo mbele." Ya tano hakuuliza tena, pumzi za kuuliza alikuwa hana. Nikamwacha.

Hapa ndipo penye aibu yangu yenyewe. Nilipofika kona ya juu nikachungulia chini. Nikamwona wifi amekaa kwenye jiwe kando ya barabara, kanga ameishika mkononi, anatapika. Mtu mzima, peke yake, ugenini. Dada pekee wa mume wangu!

Nikageuza uso nikaendelea kupanda. Tena nilipanda kwa furaha! Zile ngazi zilikuwa zimenikomaza, nawapita vijana, nasikia kama nina mabawa. Nikafika juu, nikageuza, nikaanza kushuka.

Hata sikwenda mbali. Mbele yangu namwona nani? Wifi! Kaupanda mlima, uso umemvimba, miguu anaiburuta, lakini anakuja.

"Nakuja, wifi!" akaniita kwa sauti ya mtu anayezama. "Zimebaki kona ngapi?"

"Moja!" Zilikuwa zimebaki sita.

Mungu si Athumani. Kwani mimi nilikuwa nimejizoeza kupanda tu, kushuka niliiachia lifti! Baada ya kilomita mbili za mteremko mapaja yakaanza kutetemeka. Magoti yakagoma. Kucha za miguu zinagonga raba kwa mbele mpaka naona nyota mchana. Nikajaribu kushuka ubavu ubavu kama kaa, nikashindwa. Mwisho nikagundua kwamba nikishuka kinyumenyume maumivu yanapungua.

Basi nikawa nashuka kinyumenyume. Watoto wa pale kijijini wananishangilia. Na kwa kuwa nimeangalia juu, nilimwona wifi vizuri sana anavyokuja. Kanga inapepea, mikono ameiachia, anateremka kama maji.

Nikasema leo ataniumbua mbele za watu. Ananipita na maneno yake ya choo.

Hakunipita. Alisimama.

"Wifi! Umekuwaje?"

"Miguu," nikasema, nikaangua kilio.

Hakuuliza zaidi. Akanizungushia kanga kiunoni, akaifunga fundo, ncha akaishika yeye, mkono wangu akautupia begani kwake. "Mimi nabeba mabeseni ya samaki kila siku ya Mungu, nitashindwa na wewe? Twende."

Hivyo ndivyo tulivyoshuka mlima mzima. Tulipofika, wenye mbio walikuwa wanakunja mahema. Medali imebaki moja. Wifi akaichukua, akanivisha mimi.

Haya, ngojeni makubwa. Kwenye basi la kurudi wifi akasimama, akashika kiti, akasema: "Jamani, mimi wifi yangu alinidanganya kwa upendo. Alijua akiniambia kuna mlima sitoki Dar. Akanificha, akanipa moyo kona kwa kona, na leo nimeupanda mlima mimi, muuza samaki! Mpigieni makofi."

Wakanipigia! Mwenyekiti akasema huo ndio uongozi. Mimi nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Ningeweza kusema ukweli palepale, sikusema. Nilitabasamu na medali yangu shingoni!

Nyumbani nikalala siku nne, ngazi ya mlangoni tu sikuiweza. Kucha mbili zikang'oka. Wifi akitoka Feri anapitia kwangu kunikanda miguu kwa mafuta ya karafuu. Mume wangu anasema, "Mnaona mawifi wanavyopendana?" Kila akinikanda nasikia kama ananichoma.

Siku ya nne nikashindwa. Nikamwambia yote. Kwamba sikuwa na upendo wowote, nilitaka ashindwe, nimcheke kama alivyonicheka.

Mikono yake ikasimama kwenye goti langu. Akasema, "Uongo wako nimeusamehe. Na mimi siku ile ya bonanza nilikutia aibu. Ila nijibu moja. Pale nilipokaa kwenye jiwe natapika, uliniona?"

Ningeweza kusema sikumwona. Nani angejua?

"Nilikuona, wifi."

Akafunga chupa ya mafuta, akaitia kwenye mfuko wake, akaondoka. Hakunitukana. Bora angenitukana!

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Kila Ijumaa alikuwa anakuja kwetu na sambusa za samaki, tunakula pamoja, nyumba inajaa kelele. Siku hizi haji. Sambusa anampa kaka yake azilete. Zinakuja tano. Sisi nyumbani tuko sita. Mume wangu anadhani dada yake hajui kuhesabu. Mimi najua anahesabu vizuri kabisa.

Wanawake wenzangu, na nyinyi wanaume msicheke. Mtu akikutania, mtanie na wewe, yaishe siku hiyohiyo. Usiende kumchimbia shimo ukamvizia aingie. Na ukimwona mwenzio amekaa kwenye jiwe, hata kama ni adui yako, rudi! Mlima hauna pa kwenda, utaukuta. Mtu unaweza usimkute.

Ijumaa iliyopita mume wangu alileta mfuko kama kawaida. Nikahesabu: tano na nusu.

Ile nusu niliilia chumbani, mlango nimeufunga.