Gari la Burulkan na Barabara ya Naryn

Burulkan alipouza farasi wa marehemu mumewe ili anunue gari, ukoo mzima ulinuna. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpishi mstaafu wa shule yetu, na leseni ya udereva ameipata juzi tu.

Sababu alikuwa nayo. Wifi yake Anipa, dada wa marehemu, figo zilikuwa zimeshindwa kazi, na mara tatu kwa wiki ilimlazimu kwenda Naryn mjini kusafishwa damu kwa mashine. Madereva wa teksi walikuwa wakimwona wanageuza uso. Anatapika njiani, walisema, na theluji ikianguka hawatoki kabisa. Watu wakaanza kumshauri ahamie mjini, apange chumba.

"Nikakae na nani? Na ukuta?" aliuliza Anipa.

"Huhami," Burulkan akamjibu. "Nitakupeleka mimi."

Ndipo Kubanych alipoingilia. Huyu ni kaka mdogo wa Anipa na marehemu, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye gari la Kirusi la zamani ambalo analipenda kuliko anavyopenda kunyoa ndevu. Gari lile huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na lina mkono wa kufunga difu ya kati, ili ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja likizama kwenye theluji.

"Shemeji, kama ni lazima, nunua kama langu," alisema. "Hayo madogo ya Kijapani ni ya kupelekea keki. Yanavuta kwa mbele tu. Magurudumu ya nyuma yanaamka ya mbele yakishateleza. Utakuwa umeshafika mtoni!"

"Umewahi kuendesha hata moja?"

"La nini?"

"Basi nyamaza mpaka nijaribu."

Akajaribu kweli, na mimi jirani yake nilikuwepo, kwa sababu moja ya magari yaliyojaribiwa lilikuwa langu. La kwangu pia huvuta kwa yote manne muda wote, ila halina mkono wowote wa kuvutwa, lenyewe linajua. La tatu lilikuwa hilo dogo la Kijapani, la muuzaji mmoja wa mjini aliyekubali tuliendeshe asubuhi nzima. Burulkan alimkalisha Anipa kiti cha mbele katika kila moja, akaendesha barabara ileile. Mlimani kivulini ni barafu tupu, halafu ukitokeza upande wa jua ni lami kavu, halafu barafu tena.

La Kubanych lilipanda kama mbuzi. Lakini Burulkan alikuwa amefunga difu kwenye barafu akasahau kuifungua, na kwenye kona kavu usukani ukawa mzito, gari likanung'unika chini kama linaumwa tumbo. Juu ya hapo lilirukaruka, na kipasha joto kilipuliza upande mmoja tu.

"Wifi, nishushe," alisema Anipa. "Heri figo."

La kwangu lilitulia kuliko yote, nasema hivyo bila kujisifu. Lakini aliniuliza kuhusu matairi, nikamwambia ukweli: tairi moja likipasuka, huwezi kuweka lolote ulilookota sokoni, yote manne yanatakiwa yawe yamelika sawa, la sivyo unaua mitambo. Akatikisa kichwa.

Lile dogo, kwenye mteremko wa kivulini, alipolisimamisha makusudi kisha akaliondoa, ya mbele yaliteleza kidogo, tukasikia kitu kama kukohoa, kisha ya nyuma yakashika, likaenda. Akarudia tena na tena. Kila mara lilikawia kidogo, kila mara likaenda. Kwenye kavu lilikwenda kimya, likivuta kwa mbele tu, na mafuta likinywa kidogo. Anipa alikuwa amesinzia.

"Umeona?" Burulkan alimwambia Kubanych. "Dada yako amelala."

"Kulala siyo kufika."

"Na breki je? Lako linasimama mapema kuliko hili?"

Hata Kubanych alijua kwamba kwenye kusimama, kuvuta kwa magurudumu manne hakukusaidii kitu. Burulkan akanunua lile dogo, na matairi ya baridi yenye vichuma vya kuuma barafu, mapya.

Walikwenda majira yote ya baridi. Madereva wa teksi walimzomea pale stendi: "Mama, keki zimeiva?" Naye alifungua dirisha akawajibu, "Zimeiva, nyie bado mnasubiri moto upande?" Asubuhi ambazo wao hawakutoka, yeye alitoka.

Mwezi wa pili upepo ulirundika theluji barabarani karibu na daraja, wakazama. Burulkan alikanyaga mafuta kwa muda mrefu, taa ya onyo ikawaka mbele yake, na magurudumu ya nyuma yakaacha kuvuta. Klachi inayoyaunganisha ilikuwa imechemka. Alizima ikapoa, akajaribu, ikachemka tena. Anipa akampigia simu kaka yake.

Kubanych alikuja na kamba, akawavuta, uso umemeremeta. "Nilisema au sikusema? Keki hiyo!"

Burulkan alishuka kwenye theluji, akasimama mbele yake kifua kwa kifua. "Ulisema. Na ni kweli, kwenye rundo kama hili gari langu halifui dafu. Umetuvuta leo, ahsante. Lakini hizo siku nyingine zote, dada yako alipokuwa akitapika humu nikimshika paji la uso, gari lako la kupanda milima lilikuwa wapi? Limeegeshwa! Sibadilishi, Kubanych. Wala sirudi nyumbani. Tunachelewa mashine."

Akapanda, akaenda. Kubanych alibaki ameshika kamba. Tangu hapo, upepo ukivuma usiku, asubuhi tulikuwa tukimwona anatangulia na gari lake kupasua theluji, na lile dogo likimfuata nyuma.

Majira ya joto yalipofika, Anipa alitaka kuona malisho ya juu alikozaliwa. Kila mtu alimwambia gari halifiki. Na kweli halikufika; tumbo lake liligonga mawe kwenye kijito, Burulkan akaliegesha pembeni. Wakaendelea kwa miguu, Anipa akipumzika kila baada ya hatua chache, mpaka kwenye hema la binamu wa Anipa. Wenyeji wakamletea Anipa bakuli la maziwa ya farasi yaliyochachushwa.

"Daktari amekukataza haya, figo zako haziyawezi," Burulkan alimkumbusha.

"Daktari yuko Naryn," alisema Anipa, akanywa mafunda mawili, akafuta mdomo, akampa wifi yake bakuli na maziwa yaliyobaki.