Siku Nilipotaja Kasoro za Ndugu Yangu

Jirani zangu hapa Busia wangali wananicheka kwa jambo hili, nami nimewaachia, maana ningekuwa wao ningecheka pia. Ila mdogo wangu Wandera hacheki.

Tulikwenda Mukuju, ng'ambo ya mpaka, kumposea. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu siku zote, aliamka sauti imekauka kwa mafua, wakanigeukia mimi kwa kuwa nimesoma chuo kikuu (kana kwamba kuna chuo kinachofundisha kuposa), nami nikakubali. Mambo yalikwenda vizuri tu, nikasalimia, nikataja ukoo, nikashukuru, mpaka shangazi wa binti alipoinuka na kujifunga kanga kiunoni.

"Sasa mwalimu, huyu kijana yenu iko na kasoro gani? Sema ukweli, sisi nasikia."

Kila aliyekuwa pale alijua kinachotakiwa: unasema kasoro yake ni kupenda chakula cha mama mkwe, vigelegele vinapigwa, mnaendelea. Mimi nilisikia swali. Nikafikiri kidogo, nisije nikamdanganya mama wa watu, nikajibu kwa mpangilio: kwamba Wandera ana hasira za asubuhi, kwamba halali bila redio, na kwamba aliishi na mwanamke kule Rubongi miaka miwili, mwanamke akaondoka kwa kuchoka kumngoja arudi nyumbani. Mwanzoni watu walicheka wakidhani natania, jambo lililonipa moyo wa kueleza zaidi. Baba mdogo alikuwa akinivuta koti. Nikadhani ana kiu, nikamwombea maji.

Baba wa binti aliuliza polepole, "Mwanamke wa Rubongi?"

Nikamtajia jina.

Tuliambiwa tutaitwa. Hatukuitwa.

Njiani nilijitetea kwamba shangazi ndiye aliyeuliza. Tulipokaribia mpakani Wandera akasema, "Kaka, hakuuliza. Alikuwa anacheza na sisi."

Miaka miwili baadaye, nikiwa na arobaini na tisa, daktari aliniambia nina usonji, nikampelekea Wandera habari hiyo kama mtu anayepeleka mbuzi wa fidia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni vizuri kujua, ila yule binti alishaolewa.

Mwezi ujao anaposa tena, safari hii huko Mwello. Amenialika, lakini nibaki ndani ya gari. Nilimuuliza kama anatania. Akasema hapana. Nimeapa kubaki humo, vioo vimefungwa, hata mtu akija kuniuliza ni saa ngapi.